Kifaa na Utendaji Wake: Historia ya Mikusanyo Binafsi ya Kompyuta za Unix, 1982–2024

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vitu vinavyotunzwa na maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, imo kompyuta nyeusi ya umbo la mchemraba iliyoundwa na kampuni ya NeXT. Mwishoni mwa mwaka 1990, Tim Berners-Lee aliitumia kuandika programu za mwanzo za wavuti, na kompyuta hiyohiyo ikawa seva ya kwanza ya wavuti duniani. Kwenye kasha lake imebandikwa karatasi yenye maandishi ya mkono, kwa wino mwekundu, inayomtahadharisha kila mpitaji kwamba mashine hiyo ni seva na kwamba asiizime. Karatasi ingali ipo; mashine imezimwa. Mgeni wa makumbusho husoma katazo huku akitazama kitu ambacho tayari kimetendwa kile kilichokatazwa.

Hali hiyo inaibua swali ambalo wataalamu wa fasihi simulizi wanalifahamu vizuri kuliko wanahistoria wa teknolojia. Ngano inapoandikwa kitabuni, maneno yake huhifadhiwa, lakini utendaji wake hauhifadhiwi: sauti ya fanani, ishara za mikono, kiitikio cha hadhira na wakati wa usiku ambapo ngano ilistahili kusimuliwa. Kompyuta nayo ina sura hizo mbili. Kuna kifaa, yaani kasha, ubao mama, waya na skrini. Na kuna utendaji, yaani kile kinachotokea umeme unapopita na programu inapoendeshwa. Jumba la makumbusho linaloweka kifaa ndani ya kabati la kioo limehifadhi sura ya kwanza tu.

Makala hii inachunguza historia ya watu waliochagua kuhifadhi sura ya pili. Ni wakusanyaji binafsi, hasa wa Marekani na Ulaya, ambao kwa gharama zao wenyewe na bila kulipwa na mtu wamekusanya majumbani mwao kompyuta zilizotumia mfumo endeshi wa Unix. Kompyuta hizo ni za aina mbili: woksitesheni, yaani kompyuta yenye nguvu iliyowekwa juu ya meza ya mtaalamu mmoja, na seva, iliyowahudumia wengi kwa pamoja kupitia mtandao. Hoja inayojengwa ni kwamba uamuzi wa kuzifanya mashine hizi ziendelee kutenda kazi una gharama ya kihistoria ambayo haijapewa uzito unaostahili. Ili mashine iwake, sehemu fulani ya kifaa sharti iharibiwe, na mara nyingi sehemu inayoharibiwa ndiyo iliyobeba kumbukumbu ya asili yake.

2.0 Chimbuko: mfumo uliokulia vyuoni

Ni vema kuanza na sheria kabla ya mashine. Mwaka 1956, ili kumaliza kesi ya ukiritimba iliyofunguliwa na serikali ya Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilikubali kutofanya biashara iliyo nje ya mawasiliano. Kwa hiyo, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda Unix katika maabara za Bell mwaka 1969, kwa kutumia kompyuta ya PDP-7, mwajiri wao hakuwa na njia ya wazi ya kuigeuza kuwa bidhaa ya kawaida ya sokoni. Mfumo huo, ambao mwaka 1973 uliandikwa upya kwa lugha ya C, ulitolewa kwa vyuo vikuu kwa leseni ya bei nafuu pamoja na msimbo chanzo wake. Wanafunzi waliusoma, wakaukosoa na kuurekebisha. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, marekebisho hayo yalikua hadi yakawa tawi kamili la mfumo.

Kizazi hicho cha wanafunzi ndicho kilichoanzisha viwanda. Sun Microsystems iliundwa mwaka 1982, na jina lake lilitokana na herufi za mwanzo za mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Miongoni mwa waasisi wake alikuwemo Bill Joy wa Berkeley. Katika kipindi hichohicho Jim Clark, aliyekuwa akifundisha Stanford, alianzisha Silicon Graphics, ambayo hapa itaitwa SGI. Kampuni ya Digital Equipment, iliyotengeneza ile PDP-7, pamoja na Hewlett-Packard na IBM, ziliingia katika soko hilo kwa mashine zao.

Jambo moja kuhusu bei ni la msingi kwa hoja inayofuata. Kompyuta ya NeXT ilitangazwa mwaka 1988 kwa dola 6,500. SPARCstation 1 ya Sun, iliyotoka mwaka 1989 ikiwa na prosesa ya megahezi 20 ndani ya kasha bapa linalofanana na boksi la piza, iliuzwa kuanzia takribani dola 9,000. Hata Indy ya SGI ya mwaka 1993, iliyokusudiwa kuwa ya bei ndogo na kuletwa pamoja na kamera yake, ilianzia karibu dola 5,000. Mashine kama hizi hazikuingia sebuleni. Zilinunuliwa na vyuo, benki, viwanda vya ndege, maabara za serikali na studio za filamu. Studio ya Pixar ilitumia kompyuta 117 za Sun kukokotoa picha za filamu ya *Toy Story* ya mwaka 1995. Na katika *Jurassic Park* ya mwaka 1993, kompyuta za SGI zilitumika kuwaumba dinosaria, kisha zikaonekana zenyewe katika chumba cha udhibiti mbele ya watazamaji.

Kwa sababu hiyo, mapenzi ya mkusanyaji wa kompyuta za Unix hayafanani na yale ya mkusanyaji wa kompyuta za nyumbani kama Commodore 64. Huyu wa pili hurudia kitu alichokichezea utotoni. Yule wa kwanza mara nyingi hutafuta kitu alichokiona kwa mbali: nyuma ya mlango wa maabara, kwenye meza ya mhandisi mwandamizi, au ndani ya filamu. Mtu wa Dar es Salaam angeziita mashine hizi zilipendwa, na asingekosea. Ila ikumbukwe kwamba wengi waliozipenda hawakuwahi kuzimiliki zilipokuwa mpya.

3.0 Kutoka daftari la mali hadi gereji

Anguko la soko hili lilitokana na sababu kadhaa zilizokutana. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, iliwapa watu mfumo wa aina ya Unix bila ada ya leseni. Prosesa za Intel, hasa kuanzia Pentium Pro ya mwaka 1995, zilikaribia nguvu za prosesa za gharama kubwa. Digital ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, na Compaq nayo ikaungana na Hewlett-Packard mwaka 2002. Katikati ya matukio hayo, mwaka 2001, Compaq ilitangaza kuiacha prosesa ya Alpha kwa ajili ya Itanium, ambayo yenyewe haikupata soko lililotarajiwa. Kampuni changa za intaneti, zilizokuwa zimenunua seva za Sun kwa wingi, zilifilisika kwa makundi kuanzia mwaka 2000, na vifaa vyao vikarudi sokoni vikishindana na seva mpya za mtengenezaji yuleyule. SGI ilitoa toleo la mwisho la mfumo wake wa IRIX mwaka 2006, na mwaka 2009 mali zake zikanunuliwa na kampuni ya Rackable. Sun ikawa mali ya Oracle mwezi Januari 2010.

Historia hii ya kampuni imeshaandikwa. Ambayo haijaandikwa vya kutosha ni safari ya mashine zenyewe baada ya hapo. Kompyuta ya taasisi hufa mara mbili. Hufa kwanza katika daftari la mhasibu, thamani yake inaposhuka hadi sifuri na jina lake kufutwa katika orodha ya mali. Hufa mara ya pili kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye huivunja ili apate shaba pamoja na dhahabu kidogo iliyopakwa kwenye viunganishi. Kati ya vifo hivyo viwili huwa kuna muda, pengine wiki chache na pengine miaka, ambapo mashine inakaa stoo au ukumbini ikisubiri gari. Mikusanyo binafsi ilizaliwa ndani ya muda huo. Fundi mitambo wa chuo aliambiwa achukue atakacho kabla ya Ijumaa. Mnada wa mali za kampuni iliyofilisika uliweka seva kumi katika fungu moja. Na tovuti ya eBay, iliyoanzishwa mwaka 1995, ikamwezesha mtu wa mji mmoja kununua kilichokuwa kikitupwa katika mji mwingine.

Kilichopatikana kwa njia hiyo kilikuwa pungufu. Mashine ilikuja bila kibodi, bila waya, bila kiti cha diski, na bila mtu wa kueleza ilikuwa ikifanya nini. Suala la waya wa skrini linatosha kuonyesha ugumu wenyewe. Sun, SGI, NeXT na IBM zote zilitumia kiunganishi cha umbo moja, kinachojulikana kama 13W3, lakini kila moja ilipanga pini zake kwa namna yake. Waya wa Sun huingia vizuri kabisa katika mashine ya SGI na usionyeshe chochote. Vivyo hivyo, vifaa vya kusomea sidii vya Sun na SGI vilitakiwa kusoma data kwa mafungu ya baiti 512, ilhali vingi vya kawaida husoma kwa mafungu ya 2,048. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mashine nzima na sidii halali ya mfumo, na bado ashindwe kuuweka. Ujuzi wa mambo haya haukuwa katika vitabu vya mauzo. Ulikuwa vichwani mwa mafundi, na wakusanyaji wakauandika upya kidogo kidogo kwa kujaribu na kukosea.

Upungufu mwingine ni mkubwa zaidi kwa mwanahistoria, kwa kuwa hauonekani ndani ya mkusanyo. Kasha bapa la SPARCstation hubebwa kwa mkono mmoja na hutosha katika rafu ya vitabu. Enterprise 10000 ya Sun, iliyotolewa mwaka 1997 na kuweza kubeba prosesa 64, ni kabati kubwa kuliko jokofu, na nyumba ya kawaida haina umeme wala baridi ya kuiendesha. Hivyo basi, woksitesheni zimeokolewa kwa wingi na seva kubwa zimeyeyushwa kwa wingi. Anayesoma historia ya Unix kupitia mikusanyo hii atadhani ilikuwa historia ya mtu mmoja na meza yake. Vyumba vilivyobeba mabenki na kampuni za simu, pamoja na watu waliokesha humo, vimeacha alama ndogo mno.

4.0 Betri iliyofungwa ndani ya chipu

Mfano unaobeba hoja ya makala hii ni mdogo kuliko kidole gumba. Juu ya ubao mama wa kompyuta nyingi za Sun za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 kuna chipu ya kumbukumbu ambayo ndani yake imefungwa betri ya lithiamu. Chipu hiyo hutunza saa na mipangilio ya mashine wakati umeme haupo. Pia hutunza baiti 16 ambazo ndizo kitambulisho cha mashine: aina yake, anwani yake ya Ethernet ambayo kwa kawaida huanza na 08:00:20, tarehe ya kutengenezwa, namba ya pekee inayoiwezesha programu kuitofautisha mashine moja na nyingine, na baiti ya mwisho ya kuhakiki kwamba zilizotangulia hazijavurugika.

Wabunifu waliona ni busara kuifunga betri ndani ya plastiki ngumu. Iliondoa waya, iliondoa kishikizo, na betri ilitarajiwa kudumu takribani miaka 10, muda mrefu kuliko mtu yeyote angeendelea kuitumia woksitesheni ileile. Kwa upande wa mnunuzi wa mwaka 1990 hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Haikumhesabu mkusanyaji.

Betri inapokwisha, kompyuta husahau jina lake. Ikiwashwa, hutangaza kwamba kitambulisho chake si halali, na sehemu ya anwani huonyesha herufi f zilizorudiwa. Haijui leo ni siku gani, na haiwezi kujitambulisha katika mtandao. Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kununua chipu nyingine, ambayo huja ikiwa tupu. Ya pili, ambayo wengi wameichagua kwa sababu ya gharama na pia kwa sababu ya fahari ya ufundi, ni kuikata chipu ileile: plastiki inasagwa kwa tupa au msumeno mdogo mpaka ncha za betri zionekane, betri ya zamani inatengwa, kisha nyaya mbili zinalehemiwa kwenda kwenye betri bapa ya duara inayouzwa dukani. Baada ya hapo mkusanyaji huandika upya zile baiti, moja baada ya nyingine, kwa kutumia lugha ya Forth ambayo Sun iliiweka ndani ya mashine zake.

Hapo ndipo tatizo la kihistoria linapojitokeza. Aandike nini? Namba za asili zilikuwa katika kumbukumbu iliyofutika. Mara nyingi nakala yake pekee ni kibandiko kidogo chenye mistari, na kibandiko hicho kilibandikwa juu ya chipu ileile, mahali ambapo tupa hupita. Aliyekata kabla ya kunakili amekipoteza. Mwongozo mmoja uliosambaa sana miongoni mwa wenye kompyuta za Sun ulitoa mfano wa namba ya kuandika, na mwandishi wake alichagua mfano wa mzaha: c0ffee, namba halali katika hesabu ya kumi na sita, ambayo kwa macho ya Mwingereza ni kahawa. Wasomaji waliufuata mfano jinsi ulivyo. Matokeo yake, kompyuta ambazo kiwandani zilipewa kila moja jina lake zimejikuta na jina moja, na zikiwekwa katika mtandao mmoja hugongana. Tarehe ya kutengenezwa, ambayo haihitajiki ili mashine iwake, huweza kuachwa sifuri au kujazwa chochote.

Katika taaluma ya nyaraka, kitendo cha kuandika upya tarehe na namba ya waraka wa asili kina jina baya. Haistahili, hata hivyo, kuwahukumu wakusanyaji kwa kipimo hicho. Walitaka mashine iwake, na imewaka. Bila tupa ile pangekuwa na kasha bubu. Kosa, kama ni kosa, halimo katika kukata. Limo katika kutoandika. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kilichopotea si mali bali ni uhusiano wa kitu na chimbuko lake: mashine hii ilitoka kiwandani lini, ilikuwa ya nani, ilikuwa wapi katika orodha ya mashine za chuo fulani. Mkusanyaji anayepiga picha chipu kabla ya kuikata, akanakili kibandiko na kueleza alichobadilisha, amefanya kazi ya mhifadhi nyaraka. Asiyefanya hivyo amehifadhi utendaji na kuacha historia ya kifaa ikatike, na atakayekuja baadaye hatakuwa na njia ya kujua kwamba imekatika.

Namba hizo zilikuwa na kazi nyingine pia. Programu za gharama kubwa, kama zile za kuchorea mitambo, zilifungwa kwa leseni iliyotambua namba ya mashine moja tu. Mkusanyaji aliyepata diski yenye programu ya namna hiyo anaweza kuifungua kwa kuirudishia mashine namba yake ya zamani. Njia hiyohiyo ilitumika pia kukwepa leseni zama programu hizo zikiwa bado biashara hai. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba katika hali nyingi aliyekuwa anadai haki yake hayupo tena, au yupo kama mrithi wa mrithi asiyejua anachomiliki.

5.0 Diski na waliokuwamo

Diski ni sehemu inayochakaa mapema, kwa kuwa inazunguka. Wakusanyaji wengi sasa huiondoa na kuweka kifaa kidogo kinachojifanya diski ya SCSI huku kikihifadhi data katika kadi ya kumbukumbu, kama zile za kamera. Mashine huwaka haraka na kimya. Lakini aliyewahi kufanya kazi karibu na woksitesheni ya mwaka 1992 anajua kwamba haikuwa kimya: ilivuma, iligugumia ikitafuta faili, na mtumiaji aliyezoea alitambua kwa sikio kwamba kumbukumbu imejaa na mashine imeanza kuhangaika na diski. Kwa hiyo hata utendaji unaohifadhiwa umechujwa.

Swali zito zaidi linahusu yaliyomo. Taasisi nyingi zilitoa mashine zao bila kufuta diski. Mkusanyaji anapoiwasha kwa mara ya kwanza hukuta si mfumo endeshi peke yake, bali pia barua, michoro, rasimu za tasnifu, maombi ya kazi, na orodha ya watumiaji pamoja na nywila zao zilizofumbwa. Kwa mwanahistoria wa maisha ya kazi, hiyo ni hazina isiyopatikana katika hifadhi rasmi. Kwa watu walioziandika barua hizo, wengi wao wakiwa hai, ni faragha iliyoachwa mlango wazi.

Tukio moja la mwaka 2019 linaonyesha pande zote mbili. Wapenzi wa historia ya Unix walichunguza faili la nywila lililobaki ndani ya msimbo wa zamani wa Berkeley, na wakafumbua nywila moja baada ya nyingine za waasisi wa mfumo. Ya Ken Thompson ndiyo iliyokataa kwa muda mrefu. Ilipofumbuliwa ilionekana kuwa hatua ya mchezo wa sataranji, jambo linalolingana na mtu aliyewahi kuunda kompyuta ya sataranji iitwayo Belle. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, na Thompson mwenyewe akawapongeza. Thompson ni mtu mashuhuri na nywila yake ilikuwa ya takribani miaka 40 iliyopita. Karani wa idara ambaye barua zake zimo katika diski ya seva iliyonunuliwa mnadani hana umaarufu wala taarifa kwamba anasomwa.

Wakusanyaji hawana kanuni moja kuhusu suala hili. Wako wanaofuta diski papo hapo kwa heshima, na hivyo kuangamiza mazingira ya kazi ya zama nzima. Wako wanaonakili kila kitu na kukaa nacho kimya. Wako wachache wanaojitahidi kumtafuta mwenyewe. Hifadhi za taifa hukabili tatizo la aina hii kwa kufunga nyaraka kwa muda uliowekwa kisheria. Gereji haina sheria hiyo, ina dhamiri ya mwenye ufunguo.

6.0 Makumbusho, warithi na saa

Ingedhaniwa kwamba kazi hii yote ni ya mpito, na kwamba hatimaye makumbusho yatapokea mikusanyo na kuitunza ipasavyo. Ushahidi uliopo hauungi mkono matumaini hayo moja kwa moja. Jumba la Computer History Museum lililopo Mountain View, California, lenye mkusanyo mkubwa kabisa, limo ndani ya jengo lililokuwa la SGI. Makao makuu ya Google yaliyo jirani nayo yalikuwa ya SGI. Facebook ilipohamia Menlo Park mwaka 2011 katika eneo lililokuwa la Sun, iligeuza bango la zamani na kuandika jina lake upande wa pili, huku jina la Sun likibaki mgongoni. Majengo yamerithiwa vizuri kuliko mashine.

Mfano mgumu zaidi ni wa Seattle. Paul Allen, mwasisi mwenza wa Microsoft, alifungua mwaka 2012 makumbusho ya Living Computers, ambayo sera yake ilikuwa hasa ile ya wakusanyaji binafsi: mashine ziwake na mgeni aketi azitumie. Taasisi hiyo iliajiri mafundi, ikatengeneza vipuri, na kwa miaka michache ikaonyesha kwamba utendaji unaweza kuhifadhiwa kwa kiwango cha kitaasisi. Allen alifariki mwaka 2018. Milango ilifungwa mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, na mwaka 2024 wasimamizi wa mirathi walitangaza kwamba haitafunguliwa tena na kwamba vitu vyake vitauzwa kwa mnada. Vitu vilivyokuwa vimetolewa mikononi mwa watu binafsi vikarudi mikononi mwa watu binafsi, safari hii kwa bei ya mnada mkubwa. Kwa undani wake, taasisi hiyo nayo ilikuwa mkusanyo wa mtu mmoja.

Upande wa programu una sura tofauti kidogo. Mwezi Januari 2002 kampuni ya Caldera iliruhusu matoleo ya kale ya Unix yatumike na kusambazwa kwa uhuru. Mwaka 2016, kundi la wapenda historia lilichukua karatasi zilizochapishwa msimbo wa Unix ya PDP-7, likaziingiza upya katika kompyuta, likaandika zilizokosekana na kuufanya mfumo huo uendeshwe tena. Mfumo wa NetBSD, unaotungwa kwa kujitolea tangu mwaka 1993, bado unaweza kuwekwa katika mashine nyingi za zamani za Sun, Digital na SGI. Lakini IRIX haikupata ruhusa kama ile ya Caldera. Nazo sasisho za Solaris na programu za ndani za mashine za Sun, baada ya ununuzi wa mwaka 2010, zikawa za wenye mikataba ya huduma. Mtu mwenye seva ya mwaka 1999 chumbani kwake hana mkataba wa namna hiyo wala sababu ya kibiashara ya kuwa nao. Nakala alizonazo zimetoka kwa wenzake, na uhalali wake ni wa mashaka. Urithi wa kiteknolojia umetunzwa kwa sehemu kubwa na watu wasioweza kuonyesha hati ya kuutunza.

Umri wa wakusanyaji nao ni sehemu ya tatizo. Aliyekuwa mhandisi kijana mwaka 1985 sasa yuko katika umri wa kustaafu. Mjane au mtoto anayeachiwa gereji yenye makasha thelathini mazito hawezi kutofautisha lenye chipu yake ya asili na lile lililoandikwa kahawa, kwa kuwa yote yana sura moja, na mara nyingi aliyejua tofauti hakuiandika. Simu ya kwanza anayoipiga ni ya mnunuzi wa chuma chakavu, na kwa mtazamo wake hakuna alichokosea.

Kuna pia saa. Unix huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970, na mifumo mingi ya zama zinazojadiliwa hapa huandika hesabu hiyo kwa biti 32. Nafasi hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na mashine ambazo hazijarekebishwa zitaamini kwamba zimerudi mwezi Desemba 1901. Katika benki na kampuni za simu, tarehe hiyo inashughulikiwa kama hatari. Katika mikusanyo, baadhi ya wenye mashine hupeleka saa mbele kwa makusudi kuiona ikigeuka, kisha huirudisha na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kasha siku waliyofanya hivyo na kilichotokea.